Barua ya wazi kwa mwalimu mkuu na wakuu wa elimu, kuhusu mwanangu na Padre Milani wa Barbiana

Mheshimiwa Mwalimu Mkuu, waheshimiwa walimu wa darasa lake, na wakuu wa elimu mlio juu yao,

Nawasalimu kwa heshima zote. Hii ni barua yangu ya tatu. Mbili za kwanza niliandika kwa Kiitaliano nikisaidiwa na jirani yangu, mzee mmoja aliyestaafu, moja mwezi wa 12 na nyengine mara tu baada ya sikukuu, nikazipeleka mwenyewe kwa dirisha la karani zikapigwa muhuri, na mpaka leo sijapata hata mstari mmoja wa kunijibu. Nlipopiga simu niliambiwa nisubiri, nikasubiri, na sasa dirisha la kuandikisha watoto skuli za sekondari linafungwa mwisho wa mwezi huu na mimi sina tena muda wa kusubiri.

Kwa hivyo naandika kwa Kiswahili na naiweka wazi kila mtu aisome. Kwa Kiitaliano nasema kile ninachoweza, kwa Kiswahili nasema kile ninachotaka. Alafu tuko wengi hapa Italia tuliotoka Malindi, Mombasa, Dar, Bujumbura, Goma, na najua wazazi kadhaa wamepewa karatasi kama yangu, ile ya skuli kushauri mtoto ashike njia gani ya masomo, wakaikunja wakaiweka kabatini wakanyamaza. Mwanangu ndiye atakayeitafsiri barua hii kwa Kiitaliano, na mtakapoisoma kumbukeni ni kazi ya kijana wa miaka 14 ambaye ripoti yenu inasema lugha imemshinda.

Jina la skuli silitaji na la mwalimu yeyote silitaji. Sitafuti kumuaibisha mtu. Wanaohusika wanajijua na walio juu yao wanajua pa kuuliza.

Nianze na ile picha. Pale chini karibu na dirisha la karani mmetundika picha kubwa ya padre amekaa mezani na watoto, na chini yake maneno mawili ya Kiingereza, I care. Nliiona mara ya kwanza mwezi wa 6 mwaka juzi, siku nlioitwa kuambiwa mtoto hakupita, atarudia darasa. Nlikaa pale kwenye kiti kama dakika arubaini nikiingoja zamu yangu, sina la kufanya, nikamuuliza mwanangu huyu ni nani. Akanambia, "Mama huyo ni Don Milani, tulifanya mradi wake mwaka wa kwanza, mimi nilichora mlima." Bas, hapo ndo nilianza. Mimi Waitaliano niliwajua Malindi, nilifanya kazi hotelini miaka sita, Kiitaliano changu ni cha vyumba na mataulo na chakula cha jioni. Padre wa namna hii sikuwahi kumsikia. Nikaanza kusoma kidogo kidogo kwenye simu ndani ya basi, asubuhi nikienda kazini na usiku nikirudi, na tangu hapo hajaniacha.

Kwa wenzangu msiomjua niwaeleze, manake barua yangu yote imesimama juu yake.

Lorenzo Milani alizaliwa hapa Firenze tarehe 27 mwezi wa 5 mwaka 1923, kwenye nyumba ya wenye nacho, watu wa vitabu, mamake wa asili ya Kiyahudi, na mambo ya dini hayakuwa na uzito sana mle ndani. Akiwa kijana alikuwa anachora. Miaka ishirini akageuka, akaingia seminari, na 1947 akawa padre. Walimpeleka San Donato kule Calenzano, kwa wakulima na wafanyakazi wa viwandani, na yeye badala ya kufungua uwanja wa mpira kuwavuta vijana kanisani akafungua skuli ya usiku. Wakaja wa Kanisa na wakaja wa chama cha Kikomunisti, na ili asiwepo wa kusema hapa si pangu akautoa hata msalaba ukutani mwa darasa. Padre huyo! Aliona kwamba mtu asiyejua maneno hata mahubiri hayamfikii, hata mkataba wa kazi hausomi, hata kura anapigiwa na mwengine. Kwanza mpe lugha, mengine atayatafuta mwenyewe.

Wakubwa wake hawakupendezwa. Mwezi wa 12 mwaka 1954 wakamtuma Barbiana, kanisa dogo juu ya mlima upande wa Mugello, hakuna barabara, hakuna umeme, hakuna maji ya bomba, watu kama mia hivi wametawanyika kwenye mashamba na misitu. Mtu msomi wa mjini, umri miaka 31, unampeleka pale kwa sababu unataka asisikike tena. Yeye siku ya pili tu akateremka manispaa ya Vicchio akanunua pahala pa kaburi lake kwenye makaburi yale yale ya Barbiana. Nliposoma hapo nlifunga simu nikaangalia nje dirishani. Mtu amefukuzwa, alafu anasema hapa hapa ndo kwangu mpaka nife.

Na kweli alikaa mpaka mwisho. Akafungua skuli ndani ya nyumba ya padre kwa watoto wa mlimani waliomaliza msingi na hawana pa kwenda. Skuli ya siku nzima, kama masaa 12, siku 365 za mwaka, Jumapili ndani Krismasi ndani. Hakuna alama, hakuna kengele, hakuna kufelishwa. Meza walizitengeneza wenyewe. Gazeti linasomwa kwa sauti kila siku, wakifika neno gumu wanasimama hapo hapo mpaka limefunguka. Mkubwa anamfundisha mdogo. Na jambo ambalo mimi nalirudia kila siku kichwani: yule asiyeelewa, yule mzito, ndiye alijiona mpendwa wa darasa, na mpaka aelewe yeye wengine hawaendi mbele.

Wakifika umri kidogo aliwatuma ng'ambo, Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, watoto wa wakulima ambao baba zao Firenze yenyewe wanaifika kwa nadra, wafanye kazi huko wachume lugha warudi nayo.

Mwaka 1965 aliwajibu kwa barua ya wazi mapadre wa jeshi waliowaita waoga vijana wanaokataa kushika bunduki kwa dhamiri. Akashtakiwa. Alikuwa mgonjwa tayari, hakuweza kwenda Roma mahakamani, akawaandikia majaji barua kuwaeleza yeye kama mwalimu anafundisha nini, na humo ndimo alimoeleza yale maneno mawili ya ukutani mwa darasa lake, kwamba maana yake ni "inanihusu, iko moyoni mwangu", na kwamba ni kinyume kabisa cha ile kauli ya mafashisti ya "mimi sijali". Mwezi wa 2 mwaka 1966 mahakama ikamuachia.

Alafu ikaja ile barua kubwa. Vijana wake wawili walikwenda Firenze kufanya mtihani wa kusomea ualimu, wakafelishwa. Wanafunzi wanane wakakaa naye karibu mwaka mzima wakaandika kitabu kizima kwa jina la Skuli ya Barbiana, kila mmoja anaandika wazo lake kwenye kijikaratasi, wanazipanga, wanakata, wanasoma kwa sauti, wakiona neno la bure wanalitoa. Kilitoka mwezi wa 5 mwaka 1967. Tarehe 26 mwezi wa 6 Padre Milani akafariki, miaka 44 tu. Kitabu kile kinamwandikia mwalimu wa kike aliyewafelisha, kwa adabu na kwa hasira, na ndani yake vijana wamehesabu wanaofelishwa Italia nzima ni watoto wa nani, na hesabu ikawatolea watoto wa wakulima na vibarua. Wakasema skuli inayofanya hivi ni kama hospitali inayowatibu wazima na kuwafukuza wagonjwa. Wakasema hakuna dhulma kubwa kama kugawa sawa kwa sawa baina ya watu wasiokuwa sawa.

Sasa nije kwenye langu.

1. Kikao cha dakika kumi, na mtoto kufanywa mkalimani wa kesi yake mwenyewe.

Jioni ya mwezi wa 12, siku ya wazazi. Mkalimani hakuwepo ingawa nliomba kwa ile fomu ya mwezi wa 9. Mwanangu akakaa katikati yetu. Mwalimu akasema maneno mengi, taratibu tu, hakuwa mkali, akawa anaonesha kwa kalamu kwenye karatasi. Mtoto akainama. Alafu akanambia, "Mama, anasema nijitahidi zaidi." Mimi nikasema asante, nikacheka, nikampa mwalimu mkono kwa mikono miwili kama tulivyofunzwa kwetu, tukatoka. Usiku mtoto amelala nikaipiga picha ile karatasi nikaipitisha kwenye programu ya tafsiri, ikanitolea kwamba mwanafunzi huyu hana msingi wa kumudu masomo marefu ya nadharia, inashauriwa apelekwe kozi fupi ya ufundi. Nlikaa jikoni mpaka saa nane za usiku. Nilikuwa nimemshukuru mtu kwa maneno ambayo mwanangu aliyasikia yote, akayameza peke yake, akanichagulia mimi yale mepesi ili nisiumie. Mtoto wa miaka 14. Waheshimiwa, hili peke yake lingetosha mimi kuandika.

2. Kurudishwa darasa kwa sababu ya lugha.

Alifika hapa na miaka 11, mwezi wa 9, Kiitaliano hajui. Mlimpa masaa machache ya Kiitaliano cha wageni kwa wiki, mwezi wa 3 masaa yakaisha, mkasema pesa za mradi zimekwisha. Mwaka wa pili akafelishwa, na ukitazama ripoti yake hesabu alipita, sayansi alipita, yaliyomuangusha ni Kiitaliano, historia, jografia, yaani lugha mara tatu. Akakaa tena mwaka mzima na vitabu vile vile na masomo yale yale, marafiki zake wamepanda yeye amebaki, na lugha yenyewe hakuna aliyekaa naye kumfundisha. Mtu hapati maji unamwambia arudi asimame tena mwaka mzima kwenye bomba lile lile kavu. Vijana wa Barbiana walitaka mambo matatu: msifelishe, anayeonekana mzito mpeni skuli ya siku nzima, na mvivu mpeni lengo. Ni mambo matatu yanayokwenda pamoja. Hawakusema pitisheni tu mtoto hewa hewa. Walisema mpeni muda.

Na si wangu peke yake. Wanafunzi wenye uraia wa nje Italia hii wamepita laki tisa, zaidi ya nusu yao wamezaliwa hapa hapa. Takwimu za Wizara zenyewe zimeonesha karibu robo yao wako nyuma ya darasa la umri wao, wakati watoto wa Kiitaliano walio nyuma hawafiki mmoja kwa kumi. Wale vijana wanane wakifufua hesabu yao leo watakuta pahala pa mtoto wa mkulima amekaa mtoto wangu.

3. Ile karatasi ya ushauri yenyewe.

Najua si amri, mzazi anaweza kumuandikisha mtoto anapotaka. Jirani yangu kanieleza. Lakini jueni jinsi inavyopokelewa kwenye nyumba kama yetu. Sisi tumelelewa kwamba mwalimu akisema amesema. Mwitaliano mwenye duka la dawa akipewa karatasi hii anampigia simu mwalimu mkuu, anamuwekea mtoto masomo ya ziada, na karatasi inasahaulika. Mama anayesafisha ofisi kuanzia saa kumi na moja alfajiri anapewa karatasi ile ile na kwake inageuka hukumu. Hiyo ndiyo dhulma ya kugawa sawa kwa sawa.

Wala msinielewe vibaya, sidharau kazi za mikono. Mikono hii ndiyo inayotulisha. Barbiana kulikuwa na karakana, watoto walipiga randa na kuchomea chuma. Mtoto akiipenda kazi ile, Mungu ambariki. Lakini wangu hamkumuuliza anataka nini. Anataka kupima ardhi na kujenga madaraja. Tangu mdogo alikuwa anachora mto Sabaki na daraja lake kwa kidole mchangani.

4. Kusema hana lugha.

Mwanangu anasema Kiswahili, anasema Kigiriama na bibi yake kwenye simu, Kiingereza alikisoma Kenya miaka mitano, na Kiitaliano anaongea na wenzake uwanjani mpaka wanasahau ametoka wapi. Lugha nne. Kilichokosekana ni ile ya vitabu, na ile hainunuliwi dukani, inafundishwa.

Baada ya kusoma mambo ya gazeti la Barbiana nlianza kufanya hivyo nyumbani. Gazeti sina mazoea nalo, nikatumia nilichonacho, karatasi yangu ya mshahara. Kila mwisho wa mwezi tunaiweka mezani, tunasoma mstari kwa mstari, neno gumu tunalisimamia. Trattenuta, makato. Straordinario, masaa ya ziada. Ferie maturate, hili lilitula siku mbili. Mwezi wa tatu wa kufanya hivi kijana akachukua kalamu, akarudi kwenye daftari langu ninapoandika zamu zangu, akajumlisha, akanambia, "Mama hapa hawajakulipa masaa sita." Nikaenda kwa msimamizi na karatasi mkononi, alivyonieleza mtoto ndivyo nlivyosema, mwezi uliofuata masaa yangu sita yakalipwa. Huyo ndiye mliyeandika hana msingi wa masomo ya nadharia. Kile kitabu cha 1967 kinasema lugha peke yake ndiyo inayowafanya watu kuwa sawa, na aliye sawa ni yule anayejua kusema yake na kuelewa ya mwenzake, awe tajiri awe masikini. Siku ile ofisini kwa msimamizi nilijua maana yake, nilisimama wima.

5. Jina la Milani.

Hili naomba mlisikilize bila kukasirika. Mwaka 1958 kitabu chake cha kwanza kiliamriwa na wakubwa wa Kanisa kule Roma kiondolewe madukani, na yeye akatii akabaki padre mpaka kufa. Tarehe 20 mwezi wa 6 mwaka 2017 Papa Francis mwenyewe alipanda Barbiana akasali kaburini kwake. Tarehe 27 mwezi wa 5 mwaka 2023, miaka mia ya kuzaliwa kwake, Rais Mattarella alipanda. Nchi nzima ikamsifu. Skuli zenye jina lake zimejaa, mabango yamejaa, watoto wanachora mlima. Mimi sina ubaya na hayo, kama si picha yenu nisingemjua. Ila mtu huyu hakuacha mabango, aliacha njia ya kufanya kazi, na njia hiyo inajulikana: muda mrefu na mtoto, darasa lisiende bila yule wa mwisho, lugha kwanza, mkubwa amfunze mdogo, kuandika kwa pamoja. Kwenye miaka mitatu ya mwanangu hapo kwenu nimelitafuta hata moja ya haya sikuliona, isipokuwa ule mradi wa kuchora.

Nilimpeleka Barbiana mwenyewe, Jumapili moja ya mwezi wa 10. Tulichukua treni mpaka Vicchio, rafiki yangu wa kazini akatusogeza na gari, kisha tukapanda kwa miguu ile njia yenye mabango ya Katiba ya Italia yaliyochorwa na watoto, kifungu baada ya kifungu. Kijana alikuwa anasoma kwa sauti, bila mimi kumwambia. Kwenye kifungu cha 3 akasimama, kile kinachosema ni kazi ya Jamhuri kuondoa vizuizi vya uchumi na vya jamii. Kwenye cha 34 akasimama tena zaidi. Skuli iko wazi kwa wote. Wenye uwezo na kustahili, hata wakiwa hawana kitu, wana haki ya kufika ngazi za juu kabisa za masomo. Akanifasiria neno kwa neno, upepo unavuma, mimi nimeshika kile kichupa cha maji. Juu tukaona darasa, ni chumba tu, meza za mbao, ramani, madirisha madogo. Kaburini akauliza kwanini watu wameacha mawe na kalamu. Mimi sikuwa na jibu la kumpa. Akatoa penseli yake mfukoni akaiweka. Miezi miwili baadae mkampa ile karatasi.

Sasa najua mtasema nini, manake mengine nimeshaambiwa pale dirishani.

Mtasema pesa hakuna na walimu hawatoshi. Naamini ni kweli, naona walimu wanavyokimbia. Lakini Barbiana alikuwa padre mmoja mgonjwa, nyumba haina umeme, na kitu kilichofanya skuli isimame ni kwamba wakubwa waliwafunza wadogo. Hapo kwenu mna madarasa matupu kuanzia saa nane mchana. Mna wanafunzi wazuri wa darasa la tatu, yaani la mwisho hapo skuli ya kati. Mna wazee waliostaafu mtaani kama jirani yangu ambaye amenambia yuko tayari kuja mara mbili kwa wiki bila malipo, na hilo liliandikwa kwenye barua ya pili ambayo hamkuijibu.

Mtasema Milani ndiye aliyeishusha elimu, kuna wanaosema hivyo mpaka leo, eti tangu yeye watoto wanapitishwa tu. Mimi nasema anayesema hivyo hajasoma ratiba yake. Masaa 12 kwa siku, bila likizo, na yeye alikuwa mkali kweli kweli, hakuvumilia uvivu wala neno lililowekwa ovyo. Hakushusha kiwango, alichokataa ni kumtupa mtoto asiyekifikia.

Mtasema nyakati zimebadilika, yale yalikuwa ya wakulima wa milimani. Ndiyo, wakulima wale hawapo tena. Waliokaa kwenye ile nafasi yao ni sisi.

Na mtasema baraza la walimu lina haki yake kisheria. Inayo, na sipingani nayo. Ndo maana naomba, siwashtaki.

Ninachoomba ni hiki. Ile karatasi ya ushauri irudishwe mezani kabla dirisha la kuandikisha halijafungwa, walimu wa hesabu na sayansi wasikilizwe, mtoto mwenyewe aulizwe, na iandikwe upya kwa kile anachoweza akifundishwa. Masaa ya Kiitaliano yarudi kwa mwanangu na kwa wale wengine wanne wa darasa lake wanaohitaji, mchana, hata kwa kujitolea, mpaka mwezi wa 6 watakapofanya mtihani wa kumaliza. Asiwepo tena mtoto wa kumtafsiria mzazi wake habari za kufeli kwake, tafuteni mkalimani, hata kwa simu, na asipopatikana kikao kiahirishwe. Na nawaomba mhesabu, kama walivyohesabu wale vijana: kwa miaka mitano iliyopita hapo skulini ni wangapi wamerudishwa darasa, wazazi wao wanafanya kazi gani, wametoka wapi, na wangapi walipewa ushauri wa njia fupi. Mtundike hesabu hiyo pale chini karibu na ile picha, wazazi tuione. Hili la mwisho nawaomba pia wakuu wa elimu mlifanye kwa skuli zote za wilaya, maana mkuu wa skuli moja peke yake hawezi kuona kile kinachoonekana kutoka juu.

Mimi kwa upande wangu nitamleta kila mchana, nitazungumza na meneja anibadilishie zamu, na nitaendelea na karatasi ya mshahara mezani.

Nitakuwa ofisini Jumatatu saa mbili asubuhi, nikiwa na barua hii na tafsiri yake. Kijana atakuja nami. Naomba safari hii awepo mtu mwengine wa kutafsiri, yeye akae kitini kama mwanafunzi.

Wenu kwa heshima,

Mama wa mwanafunzi wa darasa la tatu
Kutoka Malindi, sasa Firenze